Mrija Nilioupika

Nawaambia mapema: katika habari hii mjinga ni mimi. Nimeona niseme mwanzoni kabisa ili msipoteze muda kumtafuta, maana nyie vijana wa tiata wa siku hizi mna haraka. Mtu hajakaa vizuri kwenye stuli, mshataka kujua mbaya ni nani.

Naitwa Selemani, kazini walikuwa wananiita Sele. Nilikuwa mhudumu wa tiata, chumba cha upasuaji, kwenye hospitali moja upande wa Kibiti ambayo jina lake halitawasaidia kitu. Elimu yangu darasa la saba, na nadhani mwalimu alinipitisha kwa sababu alichoka kuniona. Kazi yenyewe haikutaka mengi. Sukuma kitanda, shika taa, osha damu, chemsha vyombo. Upasuaji ukienda vizuri daktari anapata asante, wewe unapata ndoo.

Lakini kwenye kuchemsha, hapo msinichezee. Nyie leo mnavaa glovu mara moja mnatupa, mnajiona mawaziri. Sisi glovu tulikuwa tunazifua kwa sabuni, tunazipuliza kama maputo tuone ipi inavuja, tunazianika kwenye kamba nyuma ya jengo. Ukipita kwa mbali unadhani mkutano wa kijiji unapiga kura. Zikikauka tunazipaka poda, tunazipanga kwenye dramu ya bati, dramu inaingia kwenye sufuria kubwa la mvuke juu ya jiko la mkaa. Sindano hivyo hivyo. Hata mpira wa dripu niliwahi kuuchemsha, ukatoka umejikunja kama mkia wa nguruwe, nikaunyoosha, ukatumika.

Aliyenifundisha ni Sista Apolonia, mkuu wa tiata. Huyo mama alikuwa hacheki mpaka mwezi uandame, na sheria yake ilikuwa moja: chochote kinachoingia tiata kinapitia kwenye moto kwanza. Angekuwa na uwezo angempitisha na daktari.

Sasa ile miaka ya ruksa, ya biashara huria, ilikuwa imekolea. Milango imefunguliwa, maduka yamejaa redio kaseti na mitumba, kila mtu ana jinzi ya mtu mwingine. Na hospitali nayo ikaanza kupata vitu vya ajabu kutoka nje, vingine vizuri, vingine huko kwao vimeshawashinda. Tulishawahi kupokea katoni nzima ya viatu vya mguu wa kushoto. Kwa hiyo mkisikia niliyoyafanya, kumbukeni kwamba nilikuwa na sababu ya kutoamini pakiti yoyote yenye maandishi ya Kizungu.

Mara moja kwa mwezi alikuwa anakuja Dokta Firozi, bingwa wa mikono kutoka Dar. Wazee wake waliuza vitambaa Ikwiriri miaka mingi, kwa hiyo usidhani utamsengenya kwa Kindengereko chetu ukabaki salama. Mimi nilijaribu. Akanijibu kwa lafudhi safi kuliko ya bibi yangu, akaendelea kunawa mikono.

Na mgonjwa wetu alikuwa Bi Somoe wa Mbuchi, huko kwenye delta ya mto, msukaji wa mikeka. Alikuwa anavuka kijidaraja cha magogo na chupa ya mafuta ya taa mkononi, akateleza, chupa ikavunjika, ikamchana kifundo cha mkono wa kulia upande wa ndani. Huko huko akapatikana mtu mmoja mwenye sindano na ujasiri, akamshona. Ngozi ilishonwa vizuri kweli, kama gunia la korosho. Ila ndani mshipa wa fahamu, ule unaoleta habari za vidole, uliachwa vipande viwili, kila kimoja na maisha yake. Miezi miwili baadaye kidonda kimepona, lakini dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi. Unavichoma, mwenyewe anaangalia ndege.

"Mkeka hausukwi kwa macho," alimwambia Dokta. "Macho yatanichelewesha tu. Vidole hivi vitatu ndivyo vinavyojua ukindu upi umepita juu na upi chini. Bila hivi nakaa tu kwangu kama mgeni."

Dokta akamweleza hivi, na nyie mlioko chuo sikilizeni, maana hamtaelezwa kwa urahisi hivi. Mshipa wa fahamu ukikatika, kipande cha juu kinajaribu kuota tena, kama jicho la muhogo. Lakini hakioni njia. Kinaota ovyo, kinajiviringisha, kinakuwa donge. Ukikata hayo madonge upate nyama safi, linabaki pengo, la Bi Somoe kama upana wa kucha ya dole gumba. Ukizivuta ncha mbili kwa nguvu zikutane, zinachanika. Basi unaweka mrija katikati, ncha moja huku, nyingine kule, mshipa unaota ndani kwa ndani mpaka unafika ng'ambo. Na mrija wenyewe umetengenezwa na kitu ambacho mwili unakila taratibu. Miezi kadhaa, haupo.

"Kumbe kama lile gogo la mvumo," akasema Bi Somoe. "Siye tunalitoboa tunalilaza chini ya tuta la mpunga maji yapite. Gogo linaoza, njia inabaki."

Dokta akamtazama. "Mama, mimi nimesoma miaka mingi kuja kuelewa hicho."

Mirija ya namna hiyo huko ng'ambo ndiyo kwanza walikuwa wanaijaribu. Dokta alipata mmoja tu, kwa rafiki yake. Alifika Ijumaa mchana, akanikabidhi pakiti.

"Sele, weka mahali salama. Ni huu mmoja. Usiguse mpaka kesho."

Kumwambia mhudumu wa tiata asiguse kitu ni kama kumwambia mtoto asitazame ubwabwa. Niliuona kupitia nailoni: mweupe, urefu wa kiungo kimoja cha kidole, mwembamba kama ule mrija wa ndani ya kalamu ya wino. Kiingereza changu kiliishia kwenye kalamu iko juu ya meza, kwa hiyo yale maandishi yote ya kwenye pakiti niliyachukulia kama salamu. Nikawaza: hiki kitu kimetoka mbali, kimepita mikono ya watu wa forodha, kimepanda basi, kesho kinaingia ndani ya mwili wa Bi Somoe wa watu. Na hakijapitia kwenye moto. Sista akikuta hivi nitamwambia nini?

Nikachana pakiti. Nikauosha kwa sabuni mara tatu. Nikaupuliza, kama glovu, hauvuji. Nikaupanga kwenye dramu pembeni ya glovu, nikapepea mkaa, nikaupa mvuke nusu saa nzima, na dakika kumi za zawadi kwa sababu ulikuwa mgeni. Nikaenda nyumbani nikijisifu. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo, kwamba nilijisifu.

Jumamosi asubuhi Bi Somoe alipigwa sindano ya ganzi ya kwapani. Mkono umelala, mwenyewe yuko macho chini ya shuka la kijani. Dokta kavaa miwani yake yenye darubini, kafungua, kakata madonge, pengo liko wazi. Akanyoosha mkono bila kutazama.

"Sista, mrija."

"Pakiti iko wapi?" Sista akaniuliza.

"Kwenye dramu. Nimeshaandaa."

Akaingiza koleo dogo kwenye dramu, akatoa kitu. Akakigeuza kwenye taa. "Huu ni nini?"

"Mrija," nikasema.

Dokta akaugusa kwa ncha ya koleo lake. Ukamegeka kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai.

"Ulikuwa mrija," akasema.

Hapo, vijana, mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikafikiria biashara huria. "Labda umekuja hivyo, Dokta. Vitu vya siku hizi, kila kitu kinaingia, vingine vibovu."

"Sele, kuna poda ya glovu ndani yake."

Nikairekebisha taa ambayo haikuwa na shida.

"Umeuchemsha?"

"Mara moja tu."

"Kwa nini?"

"Uwe safi."

"Ulikuwa safi kuliko wewe," akasema polepole, hakupandisha sauti hata kidogo. "Kuliko mimi. Kuliko chumba hiki na mji wote ulioko nje ya dirisha. Kitu kilichotengenezwa kiyeyuke ndani ya mwili, wewe umekipikia maji ya moto."

Sista Apolonia alinitazama juu ya barakoa. Macho tu, lakini yalitosha.

Sauti ikatoka chini ya shuka. "Baba daktari, kwani kijana kafanya nini?"

"Kapika chakula ambacho hakikuagizwa, mama."

"Msimgombeze. Mtu anayeosha sana si mtu mbaya. Ila mkono wangu sasa?"

Dokta aliinamia kidonda. Mkono uko wazi, ncha mbili zinatazamana, na katikati hakuna kitu kwa sababu yangu.

"Iko njia nyingine," Dokta akasema mwishoni. "Nitachukua kipande cha mshipa wa damu hapa hapa kwenye mkono wako, ule mdogo wa juu usio na kazi kubwa. Ndani uko wazi, kwa hiyo nao ni mrija. Wako mwenyewe, mwili hautaugombeza."

"Unafika sawa na ule wa dukani?"

"Watu wamewahi kuutumia, na umefika. Sawa au si sawa, sijui. Nikisema najua nitakuwa mwongo."

Akautoa, akaugeuza chini juu ili vile vimilango vya ndani, vya kuzuia damu isirudi nyuma, visifunge njia, akashona kwa uzi ambao bila darubini huuoni. Nilishika taa saa nzima. Nilikuwa naogopa hata kupumua.

Alipomaliza akanigeukia. "Utamfuata huyu mama kwake kila mwezi kumpima, mpaka vidole vihisi au mpaka ustaafu, kitakachotangulia."

Ndiyo nikawa mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Vyeo vyenu nyie mnapata kwa mitihani, mimi changu nilipata kwa kuharibu.

Kufika Mbuchi wakati ule nilikuwa napanda boti la barafu. Matajiri wa kamba walikuwa wameingia delta, kila mtu anavua kamba, na boti linakwenda na masanduku ya barafu linarudi na kamba. Abiria tunakaa juu ya masanduku. Safari ya saa tatu. Yaani makalio yangu yanapoteza fahamu yote kabla sijaenda kumpima mwenzangu fahamu.

Nikifika, Bi Somoe ananitandikia mkeka mlangoni, shikamoo mama, marahaba baba, za kwenu, maji ya kunywa, wali na papa wa nazi. Nakula kwanza. Halafu natoa pamba na sindano na daftari. Nagusa kidole cha shahada kwa pamba.

"Unahisi, mama?"

Ananitazama usoni. "Nahisi, mwanangu."

Nachoma kidogo. "Na hapa?"

"Nahisi. Kwa mbali, lakini nahisi."

Mwezi wa kwanza baada ya kutolewa plasta aliyofungwa mkononi: nahisi. Mwezi wa pili: nahisi vizuri. Mimi naandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, narudi Kibiti nimevimba kichwa. Nikaanza kuwaambia wenzangu kwamba kupika ule mrija pengine ilikuwa busara iliyojificha.

Dokta Firozi akasoma daftari. Akasoma tena.

"Mshipa wa fahamu ukiota vizuri unakwenda milimita moja kwa siku. Kutoka kwenye kovu mpaka ncha ya kidole ni zaidi ya nusu mwaka. Wa huyu mama umefika kwa miezi miwili. Umefungwa injini ya boti?"

"Ni mtu mwenye afya, Dokta."

"Alikuwa anatazama wakati unampima?"

"Sasa atazame wapi, mkono si wake?"

Akafumba macho kama mtu mwenye kichwa kinachouma. "Nenda mwezi huu, usimuulize kitu. Mkono wote ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, nusu saa. Halafu tazama vidole. Tazama tu."

Hiki kipimo kishikeni, hakina umeme wala hakina Kiingereza. Kidole chenye fahamu kikikaa majini ngozi inakunjamana, kama ya mtu aliyeshinda kufua. Kidole kilichokatika mawasiliano kinabaki laini. Mtu anaweza kukudanganya, ngozi yake haiwezi.

Tukakaa na beseni. Alinisimulia habari za ngedere wa mashambani, nikamsimulia habari za Sista. Nusu saa ilipopita akautoa mkono. Kidole cha mwisho kimekunjamana. Cha pete, nusu. Vile vitatu laini kabisa, vinang'aa kama vya bibi harusi.

Halafu nikaona kwenye kidole cha shahada, upande wa chini, lengelenge kubwa limepasuka, pembeni pekundu.

"Mama, hii nini?"

"Aa, mdudu."

"Mdudu gani anaunguza?"

Akaurudisha mkono kwenye kanga. Nikausubiri. Baada ya muda akautoa tena.

"Nilishika chungu. Sikujua. Nilijua nilipoisikia harufu."

Jamani, sikilizeni vizuri. Kidole kisichohisi kinaungua mpaka mfupa na mwenyewe anaimba. Kingeoza kile. Na miezi yote hiyo hakuna aliyemwambia ashikie vitu vya moto kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mpimaji wake alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba amepona.

"Tangu mwezi wa kwanza ulikuwa unanidanganya?"

"Sikukudanganya. Nilikustahi." Alisema kwa upole kabisa, kama ananifundisha kula. "Miye niliyasikia yote siku ile chini ya shuka. Nikajua huyu kijana ana lake moyoni. Halafu unakuja kutoka Kibiti umekalia barafu, unanitazama hivi machoni, unahisi mama, unahisi mama. Nikwambie sihisi? Mgeni kala wali wangu nimrudishe na huzuni? Sikulelewa hivyo."

"Lakini mama, kidole ni chako."

"Na adabu ni yangu."

Mnaona hapo. Huko ng'ambo wanapofundisha kupima, nadhani hawajawahi kukutana na mtu wa pwani. Ukimuuliza swali ambalo jibu lake litakuumiza, atakupa jibu jingine, na atakusindikiza mpaka kwenye boti.

Nilimsafisha kile kidonda, nikamfunga. Kisha nikamwambia, na sikuwa natania: "Mama, tangu leo mimi si mgeni wako. Ukinistahi tena, utakatwa kidole, na atakayekuwa amekuharibu mara ya pili ni mimi."

Alifikiri sana. "Haya. Sitakustahi tena. Lakini usije ukalia."

Tukaanza upya. Nilimfunga macho kwa kanga yake mwenyewe. Nachoma, simwambii lini. Mara nyingine nashika sindano hewani nasubiri, nione kama atasema nahisi kwa mazoea. Kwenye vidole, hakuna kitu. Halafu nikafanya alivyonielekeza Dokta: unagonga kidogo kidogo kwa ncha ya kidole chako kuanzia kwenye kovu kwenda mbele. Pale mshipa ulipofikia, mgonjwa anasikia kama sisimizi wanakimbilia vidoleni. Nikagonga, nikagonga, upana wa vidole viwili kutoka kwenye kovu akashtuka.

"Hapo. Hapo kuna kitu."

Kwa hiyo njia ilikuwa imepitika. Polepole, lakini mtu alikuwa yuko njiani anakuja.

Bi Somoe akachukua jani la ukindu, akalipima kuanzia kwenye kovu mpaka pale, akafunga fundo. Kila mwezi fundo jingine. Miezi mingine fundo lilisogea vizuri, mwezi mmoja halikusogea kabisa, akaniambia hivyo hivyo bila kunionea huruma. Wali aliendelea kunipa, ila baada ya kupima, sio kabla. Aliona wali wa kabla unanilegeza.

Ilikuwa kama mwaka hivi. Siku hiyo kafungwa macho, nimeshika sindano hewani juu ya kidole cha shahada.

"Hujagusa," akasema. "Unavuta muda."

Nikagusa ncha. Akanipokonya mkono, akanitukana tusi la Kindengereko ambalo Sista Apolonia akilielewa ananifukuza kazi kwa kulisikia tu. Mwanamke mwenye adabu kuliko wote niliowahi kukutana nao. Akafungua kanga machoni, akakishika kile kidole kwa mkono wa kushoto, akakiminya, akakiminya tena. Mimi nikajifanya natafuta pamba.

Mikeka alirudi kusuka. Sio kama zamani. Vidole vilirudi, alisema, lakini vimerudi kama watu waliokaa ugenini, vinauliza kila kitu kinawekwa wapi. Mikeka ya kawaida alikuwa anaisuka bila kutazama. Ile ya marembo madogo madogo, ya harusi, ilikuwa inamchukua mara mbili ya muda wa zamani, na sehemu nyingine alikuwa anainamisha kichwa aone.

Nilimkuta hivyo safari yangu ya mwisho, kichwa kimeinama. Nilikuwa nimeshamaliza kazi yangu, faili limefungwa, hakuna aliyenituma kuuliza. Nikauliza.

"Mama, unadhani ule mrija wa Dokta, kama nisingeupika, mkono ungerudi vizuri zaidi?"

Akaupitisha ukindu mmoja, akauvuta ukakaza. Kisha akainua macho akanitazama.

"Labda, mwanangu," akasema. "Ulitaka nikustahi?"